Kufanana na Kufaana: Picha za Ndoto katika Baraza la Jahangir

Wiki tatu kabla ya Idi el-Fitri, Haji mmoja anayeuza vitenge katikati ya Kampala alinijia ofisini na karatasi kubwa iliyokunjwa. Alikuwa amemwagiza mchoraji wa mabango amtengenezee picha ya rangi, apate kumpelekea mshirika wake wa biashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, iwe zawadi ya sikukuu. Karatasi ile ilikuwa rasimu ya penseli. Haji na mshirika wake wamesimama juu ya tufe la dunia wamekumbatiana. Kushoto kwao meli imejaa makontena, kulia lori linapanda mlima, na juu ya vichwa vyao jua linachomoza. Alichotaka kwangu ni maneno ya Kiswahili ya kuandikwa chini ya picha. "Mwalimu, nitafutie maneno mazito," alisema. "Huyu mtu ni ndugu yangu."

Nilimwuliza walionana lini mara ya mwisho. Akacheka. Hawakuwa wameonana hata mara moja. Kwa miaka sita walikuwa wamefanya biashara kwa simu, kwa benki na kwa midomo ya madereva wa malori, na sura ya mshirika huyo mchoraji aliitoa kwenye picha ndogo iliyotumwa kwa simu. Nikampa methali ambayo kila mwalimu wa Kiswahili anaijua: Undugu ni kufaana, si kufanana. Aliipenda sana, akaondoka.

Rasimu ile haikuniondoka akilini, kwa sababu picha ya namna hiyo ilikwisha kuchorwa India miaka 400 hivi iliyopita: watu wawili wasiowahi kuonana, wamekumbatiana juu ya tufe la dunia, na kila mmoja humwita mwenzake ndugu. Nilipowasimulia wanafunzi wa mwaka wa pili, swali lao la kwanza lilikuwa kama jambo hili linahusu Kiswahili. Linahusu, nami nitaonyesha wapi. Lakini kwanza historia yenyewe.

Jahangir alitawala milki ya Mughal kutoka 1605 hadi 1627. Jina lake la utotoni lilikuwa Salim. Jahangir ni jina la Kiajemi alilojipa alipopanda kitini, na maana yake ni mwenye kuishika dunia. Ukilijua hilo utaelewa kwa nini wachoraji wake walipenda kumsimamisha juu ya tufe. Aliipenda sanaa ya uchoraji kuliko mfalme yeyote wa ukoo wake. Katika kumbukumbu zake alizoziandika kwa Kiajemi anajigamba kwamba akiletewa picha moja iliyochorwa na mafundi kadhaa, aweza kumtambua aliyechora uso na aliyechora nyusi. Huenda alitia chumvi, lakini wachoraji wake aliwajua kwa majina, akawapa vyeo. Abu'l Hasan alimpa jina la heshima lenye maana ya ajabu ya zama.

Wapo wanafunzi walioniuliza iweje mfalme Mwislamu akawa na shauku hiyo ya picha za watu. Swali hilo liliulizwa pia wakati ule. Akbar, baba yake Jahangir, anasimuliwa kuwa alijibu kwamba mchoraji ana njia yake ya kumtambua Mungu: huchora kiungo baada ya kiungo, kisha hujikuta hawezi kukitia uhai, akalazimika kumfikiri Mwenye kuutoa. Kwa leo jibu hilo litutoshe.

Sikukuu kubwa ya baraza hilo ilikuwa Nauruz, mwaka mpya wa Kiajemi unaoanza mwezi Machi. Hapa ndipo Kiswahili kinapoingia, maana neno hilo sisi tunalo. Nairuzi ni siku ya mwaka ya watu wa pwani, nayo inajulikana zaidi leo kwa sherehe za Mwaka Kogwa za Makunduchi, Unguja. Kwa kuwa mwaka wa Nairuzi wa pwani unahesabiwa siku 365 bila kuongeza siku kila mwaka wa nne, sikukuu imekuwa ikisogea polepole, na sasa huangukia Julai. Makunduchi watu huoga baharini, hupigana kwa migomba na huteketeza kibanda cha makuti. Kwa Jahangir, Nauruz ilikuwa siku nyingi za zawadi. Wakuu wa milki walipanga mali zao mbele yake, naye alichagua alivyovipenda na vingine akavirudisha. Katika kumbukumbu zake aliorodhesha vito na tembo alivyopewa kwa makini ya karani wa ghala.

Katika sikukuu hiyo, Machi 1616, mjini Ajmer, alikuwepo Mwingereza aliyeitwa Sir Thomas Roe. Alikuwa balozi wa Mfalme James wa Kwanza, lakini gharama zake zililipwa na Kampuni ya Kiingereza ya India ya Mashariki, iliyopewa hati yake ya biashara tarehe 31 Desemba 1600. Kwa maneno mengine, alikuwa mjumbe wa wafanyabiashara aliyevishwa joho la mfalme. Kila siku aliandika shajara, na kwa sababu hiyo tunajua aliona nini nyuma ya kiti cha enzi siku ile. Aliona picha ya Mfalme wa Uingereza, ya malkia wake, ya binti yao Elizabeth, za mabibi wawili wa kikabaila, na ya mke wa mwenyeji mmoja wa kawaida wa London. Chini yao ilitundikwa picha ya Sir Thomas Smythe, gavana wa Kampuni.

Walimu wenzangu, tuitazame orodha hiyo tena. Mkuu wa kampuni ya biashara ametundikwa pamoja na mfalme wake katika baraza la mfalme mwingine, siku ya sikukuu, bila yeye mwenyewe kutoka London. Picha hizo hazikufika huko kwa bahati. Mwaka mmoja kabla ya Roe, wakala wa Kampuni aitwaye William Edwards alipeleka picha katika baraza hilo, na mawakala walikuwa wameandika London kwamba Jahangir hupenda picha, basi ziletwe. Kampuni iliagiza na ikaleta. Kati ya zilizoletwa ilikuwemo picha ya Jahangir mwenyewe, iliyochorwa Uingereza na mtu ambaye hakupata kumtia machoni. Mawakala waliifungua, wakaiangalia, wakaandika kwa ufupi kwamba haifanani naye kabisa na haitafaa kwa lolote. Nilicheka niliposoma habari hiyo, kisha nikamkumbuka Haji na picha yake ya simu.

Yule mke wa mwenyeji wa London naye ananishangaza. Sijui alifikiri nini alipokaa mbele ya mchoraji, lakini hakika hakufikiri kwamba angeishia nyuma ya kiti cha enzi cha Ajmer katikati ya mabibi wakubwa. Aliyeletewa zawadi ndiye aliyepanga ukuta.

Roe hakuelewa jambo hili mapema. Alidhani zawadi humfunga anayeipokea. Katika kiangazi cha 1616 alimwonyesha Jahangir picha ndogo ya bibi mmoja, kazi ya fundi wa Kiingereza, akasema hakuna mchoraji wa India awezaye kuiiga. Jahangir akakubali kushindana. Siku chache baadaye Roe aliitwa usiku, akawekewa mezani picha sita kwa mwanga wa mishumaa: yake na nakala tano. Aliitambua yake, lakini kwa taabu, na mwenyewe anakiri katika shajara yake kuwa ilimchukua muda. Jahangir alifurahi kama mtoto. Akamwambia achague nakala moja aende nayo Uingereza, watu wa huko wapate kuona kwamba mafundi wa India si wajinga kama wanavyodhani.

Mwezi Agosti mwaka huohuo Roe alipewa na Jahangir picha ndogo ya mfalme huyo, imetiwa katika dhahabu, ina mkufu wa dhahabu na lulu moja inayoning'inia. Wakuu wa baraza waliopewa picha kama hizo walizivaa kwenye vilemba kama alama ya kuwa watu wa mfalme, mfano wa muridi kwa shehe wake. Roe akapiga hesabu, akaona thamani yake haizidi pauni 30, ingawa ilikuwa bora mara tano kuliko zile walizopewa wengine. Wakamwambia asujudu kushukuru. Akakataa. Aliipokea zawadi lakini hakutaka nafasi iliyokuja pamoja nayo, na sidhani kama wenyeji wake walielewa mtu anawezaje kuvitenganisha hivyo viwili.

Hapo ndipo darasa langu lilipogawanyika. Niliwauliza wanafunzi watupe neno la Kiswahili la kile ambacho Kampuni ilikuwa ikikipeleka Ajmer. Mmoja akasema zawadi, mwingine akasema rushwa, wa tatu akasema chai, darasa likacheka. Mwanafunzi kutoka Dodoma akasema hongo, nami nikamwomba aeleze. Leo hongo ni rushwa tu, lakini katika karne ya 19 neno hilo lilikuwa na heshima yake: ilikuwa ada ambayo misafara iliwalipa watawala wa nchi walizopita, na nchi ya Ugogo ilijulikana sana kwa hilo. Mzungu mwenye msafara aliandika kuwa ananyang'anywa. Mtawala aliyekuwa na visima na chakula aliona mgeni anatimiza adabu. Lugha yetu imehifadhi neno lakini imeegemea upande mmoja wa kesi. Katika shajara ya Roe mambo ni yale yale. Analalamika kwamba mfalme, wanawe na mawaziri wanaombaomba vitu bila haya. Upande wa pili Jahangir alimwuliza padri Mjesuiti aliyekuwa barazani kama kweli Mfalme wa Uingereza ni mkubwa, ikiwa anatuma vitu vya thamani ndogo hivi, maana yeye alitazamia vito. Hata gari la farasi, zawadi iliyotiwa maanani kuliko zote, lilifunguliwa vipande vipande, mafundi wa Jahangir wakatengeneza jingine la mfano wake, na bitana ya mahameli ikabadilishwa kwa kitambaa bora zaidi.

Zawadi nyingine ilikwenda mrama kabisa. Ilikuwa picha ya Venus, mungu wa kike wa Warumi, anamvuta kwa pua kiumbe nusu mtu nusu mbuzi. Jahangir aliwaonyesha wakuu wake, akiwaelekeza watazame pembe na ngozi nyeusi ya kiumbe yule, akamtaka Roe amweleze maana. Roe akasema hajui. Mfalme aliifasiri mwenyewe: aliona ni kejeli kwa watu wa Asia, kwamba wao ndio wanaoburutwa kwa pua. Ukimpelekea mtu picha, huwezi kumpelekea na tafsiri yako ndani ya kasha.

Basi tuje kwenye picha zilizoagizwa na Jahangir mwenyewe, ambazo ndizo hasa naziita picha za ndoto.

Ya kwanza ni ile inayofanana na rasimu ya Haji. Aliichora Abu'l Hasan mnamo 1618 hivi, na sasa iko katika jumba la sanaa la Freer, Washington. Jahangir anamkumbatia Shah Abbas wa Uajemi. Hawakuonana maishani mwao. Walipelekeana barua za kuitana ndugu na misafara ya zawadi, na kati yao ulikuwepo mji wa Kandahar, mlango wa biashara kati ya India na Uajemi, ambao kila mmoja aliutaka. Maandishi yaliyo juu ya picha yanaeleza kwamba Jahangir alimwota Shah akimtokea katika nuru, akafurahi. Mchoraji akaiweka ndoto kwenye karatasi. Lakini angalieni alivyoiweka. Jahangir ni mkubwa, mabega mapana, nguo za dhahabu, na nyuma ya kichwa chake duara la jua limebebwa na mwezi. Shah Abbas ni mwembamba, mfupi, ameinamisha kichwa kifuani kwa mwenyeji wake kama anayeomba radhi. Chini ya miguu ya Jahangir amelala simba. Chini ya Shah yupo mwanakondoo. Wote wawili wamelala kwa amani juu ya ramani ya dunia, ila simba amejinyoosha kiasi kwamba mwanakondoo amesukumwa hadi karibu na Bahari ya Kati. Sidhani kuna barua ya ubalozi iliyowahi kusema jambo hilo wazi zaidi.

Jahangir hakukosa njia ya kujua sura halisi ya Shah. Mwaka 1613 alimpeleka Bishandas, mchoraji aliyemsifu kuwa hana mfano katika kuchora sura za watu, afuatane na ubalozi wa Uajemi amchore Shah na watu wake. Alirudi mwaka 1620 na picha zilizomfanana vizuri, akatunukiwa tembo. Kufanana kulipatikana. Kufaana ndiko kulikokosekana: mwaka 1622 Shah Abbas aliuchukua mji wa Kandahar. Na katika mwaka huohuo Waajemi waliwafukuza Wareno kutoka Hormuz wakisaidiwa na meli za kampuni ileile ya Kiingereza ambayo gavana wake alikuwa ametundikwa Ajmer. Nitaongeza kwa ajili ya wanafunzi wa historia ya pwani kwamba kuanguka kwa Hormuz kulianza kuwadhoofisha Wareno katika bahari yetu. Waomani waliichukua Muscat mwaka 1650, na Ngome ya Yesu ya Mombasa mwaka 1698.

Picha ya pili ni ngumu kuitazama. Ni ya mwaka 1616 hivi, mchoraji ni Abu'l Hasan tena, nayo imehifadhiwa Dublin katika maktaba ya Chester Beatty. Jahangir amesimama juu ya tufe, amevuta upinde, analenga kichwa cha mtu mweusi kilichotundikwa juu ya mkuki. Bundi yuko pale kama ishara ya nuksi. Kichwa kile ni cha Malik Ambar, na Malik Ambar ni Mwafrika. Alizaliwa Ethiopia mnamo 1548, akauzwa utumwani, akapitia Uarabuni na Baghdad hadi Dekani, kusini mwa India. Huko alipanda hadi akawa mtawala halisi wa Ahmadnagar kwa niaba ya masultani wake, akajenga mji wa Khirki ambao baadaye uliitwa Aurangabad. Kwa miaka zaidi ya 20 aliyasumbua majeshi ya Mughal kwa vita vya kuvizia. Khirki iliwahi kutekwa, lakini kichwa cha Ambar hakikufika mikononi mwa Jahangir kamwe. Alikufa mwaka 1626 kifo cha kawaida, akiwa na umri wa karibu miaka 80, na mwandishi wa historia wa Mughal mwenyewe akamsifu kuwa hakuwa na mfano katika uongozi wa vita.

Nilipoionyesha picha hiyo darasani, kukawa kimya. Kisha binti mmoja akasema: "Kumbe mtu huchorwa hivi na anayemwogopa." Sikuwa na la kuongeza.

Katika picha ya tatu tunamkuta tena Mfalme James. Mchoraji Bichitr amemketisha Jahangir juu ya saa kubwa ya mchanga, anamkabidhi kitabu shehe wa Kisufi. Chini ya shehe wamesimama watatu kwa mpangilio: sultani wa Kiosmani, ambaye sura yake ni ya kubuni, kisha Mfalme wa Uingereza, na wa mwisho, pembeni kabisa, ni Bichitr mwenyewe. Sura ya James ilinakiliwa kutoka katika picha ya Kiingereza iliyoletwa kwa zawadi. Hivyo ndivyo zawadi ilivyotumika: mfalme aliyechorwa Uingereza ili atukuzwe sasa yumo katika foleni ya watu wanaongoja. Bichitr ameshika mkononi picha ndogo yenye farasi wawili na tembo mmoja, labda zawadi alizopewa na bwana wake. Nampenda mchoraji huyu. Katikati ya ndoto za wakubwa alipata nafasi ya kuonyesha malipo yake.

Roe aliondoka India mwanzoni mwa 1619 baada ya kupata ruhusa kadhaa za biashara lakini si mkataba aliotumwa kuutafuta. Shajara yake imejaa Jahangir. Kumbukumbu za Jahangir, ambazo zinataja wachoraji, ndege, matunda na uzito wa tikiti, hazimtaji Roe hata kwa jina. Mtafiti asiyesoma Kiajemi aweza kuuona ubalozi huo kuwa tukio kubwa la karne. Anayesoma lugha zote mbili hana budi kuupunguza. Wanafunzi wetu wanaotaka kuandika historia ya pwani kwa kusoma barua za makonsuli peke yake walikumbuke hili.

Kuhusu picha ya kukumbatiana, wataalamu wanaamini kwamba ilichukuliwa na Nadir Shah alipoiteka Delhi mwaka 1739, ikapelekwa Uajemi pamoja na ngawira nyingine na kutiwa humo katika albamu yenye mapambo ya Kiajemi. Kwa hiyo hatimaye ilifika nyumbani kwa Shah, miaka zaidi ya 100 baada ya Abbas kufa.

Haji alirudi ofisini baada ya Idi kunishukuru. Picha ilikwenda Dar es Salaam kwa lori, imefungwa kwa vitenge isichubuke, na mshirika wake ameitundika dukani nyuma ya meza ya fedha. Nikamwuliza kama aliipenda. "Ameipenda sana, Mwalimu, na methali amewasomea wateja wote," alisema. Akanyamaza kidogo. "Ila ameniuliza kwa nini yeye amechorwa mfupi."